Jinsi ya kuficha nyaya za runinga iliyofungwa juu ya meko ya kuotea moto

Ukuta ulio juu ya meko si sawa na kuta nyingine za sebuleni, kwa sababu nyuma yake hupita moshi na joto. Kwenye ukuta wa kawaida nyaya za runinga huteremshwa wima hadi soketi ya chini na kazi inakwisha. Hapa ukizishusha wima zinakutana na moto, na ukizipeleka nyuma zinaangukia kwenye dohani, yaani njia ya kupandishia moshi. Njia yake ni ya ubavuni: nyaya zitoke nyuma ya runinga kwa mlalo, zivuke ukingo wa dohani, ndipo zishuke kwenye ukuta baridi wa pembeni.

Dohani yenyewe isitumike kamwe kupitishia nyaya, hata kama meko hayajawashwa kwa miaka. Masizi yaliyoganda humo hushika moto, maji ya mvua huingia kwa juu, na anayehamia baadaye anaweza kuwasha meko bila kujua kuna waya wa umeme njiani. Tundu la waya kwenye dohani ni tundu la kuingizia moshi chumbani pia.

Pima joto kabla ya kununua chochote

Runinga nyingi zimetengenezwa kufanya kazi katika joto la hewa lisilozidi 40°C. Angalia kitabu cha ya kwako, kisha pima. Bandika kipimajoto ukutani mahali ambapo ukingo wa chini wa runinga utakuwa, kingine mahali nyaya zitakapovuka kuelekea pembeni, halafu washa moto kama unavyouwasha usiku wa baridi kali. Subiri mpaka namba ziache kupanda. Ukuta wa matofali hupata joto polepole, kwa hiyo saa moja haitoshi; ngoja mbili au tatu.

Ikizidi 40°C, usifunge runinga hapo. Ikiwa kati ya 35°C na 40°C, rafu ya meko iliyojitokeza zaidi kwa mbele husaidia kwa kuisukuma hewa ya moto mbali na ukuta. Funga rafu hiyo, kisha pima upya. Kumbuka pia kebo: ganda la PVC la nyaya nyingi za nyumbani hustahimili hadi 70°C, lakini kiwango hicho kinahesabu joto la ukuta pamoja na joto ambalo waya wenyewe hutoa ukipitisha umeme. Ukuta wenye 50°C tayari umekula sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Tambua ukuta ulio nao

Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio mzito usio na mwangwi, ni tofali au jiwe. Ukisikia uwazi, ni bodi ya jipsamu juu ya fremu, na mara nyingi ndani yake kuna meko ya chuma ya kiwandani yenye bomba lake la moshi. Kuta hizi mbili zina hatari tofauti kabisa.

Kwenye dohani ya matofali, ukuta wa mbele unaotenganisha chumba na moshi mara nyingi ni unene wa nusu tofali tu, takriban 100 mm. Hapo ndipo watu huharibu: wanatoboa 100 mm kwa ajili ya skrubu ndefu, keekee inachomoza kwenye dohani, na kaboni monoksidi inapata mlango. Zungushia utepe kwenye keekee kwenye alama ya 70 mm na usiivuke. Ukihisi keekee imeingia ghafla bila upinzani, simama. Tundu hilo lizibwe kwa saruji inayostahimili moto, na meko yasiwashwe mpaka iwe imekauka.

Kuchimba mfereji ukutani nako kuna mipaka. Kanuni ya wajenzi ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa tofali, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la 100 mm, hiyo ni 33 mm kwa wima na 17 mm tu kwa mlalo. Kwa kuwa njia yetu inaanza kwa mlalo, milimita 17 zinaonekana kama zinafunga mjadala. Ila plasta haihesabiwi kuwa tofali. Ukuta wenye plasta ya 15 mm unakupa kina cha 32 mm kutoka usoni mwa ukuta, na paipu ya 20 mm inalala humo ikabakiwa na nafasi ya kufunikwa vizuri. Ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta hauna zawadi hiyo. Kwake kuna njia nyingine hapa chini.

Kwenye ukuta wa fremu, kata kwanza tundu dogo la kuchungulia, kina cha unene wa bodi tu, mulika kwa tochi, utazame bomba la moshi liko wapi. Watengenezaji wengi wa meko ya chuma hutaka angalau 50 mm kati ya bomba hilo na kitu chochote kinachoweza kuungua, na wengine hutaka zaidi. Kitabu cha meko ndicho mwamuzi. Vyuma vidogo vilivyosimama juu ya kasha la meko viliwekwa na kiwanda kulinda nafasi hiyo, kwa hiyo usivikunje wala usipitishe waya katikati yake.

Umeme: waya wa runinga hauingii ukutani

Waya laini unaokuja na runinga, pamoja na ekstensheni ya aina yoyote, usizikwe ukutani. Umetengenezwa ukae nje, penye hewa, ambako mtu ataona ukianza kuchubuka. Ndani ya ukuta joto lake halina pa kwenda, na kiungo cha plagi kikilegea hakuna atakayejua mpaka harufu itokee.

Kinachofaa ni soketi mpya nyuma ya runinga, iliyolishwa kwa waya wa kudumu wa nyumba. Fundi umeme mwenye leseni huitoa kwenye soketi ya ukuta wa pembeni, anapandisha waya wima, kisha anaukatisha mlalo hadi nyuma ya runinga. Mistari iwe ya wima na mlalo tu, isiwe ya mshazari. Mtu wa kesho anayetaka kupigilia picha hukisia njia ya waya kwa kutazama soketi ilipo, na mshazari humdanganya. Mzunguko huo ulindwe na kikata umeme cha 30 mA, kile kinachohisi umeme unaovuja, kwa sababu waya uliozikwa kwa kina kisichofika 50 mm hufikiwa na msumari wa kawaida.

Runinga ya inchi 65 kwa kawaida hutumia chini ya wati 300, ambayo ni kama ampea 1.3 kwenye volti 230. Baadhi ya watu huona namba hiyo wakachagua waya mwembamba. Unene wa waya huamuliwa na kikata umeme cha kuzuia mzigo mkubwa kilichoko nyuma yake, siyo na runinga, maana soketi ni soketi na siku moja mtu atachomekamo kifyonza vumbi.

Chagua soketi ya kuzama, ambayo plagi yake hukaa ndani ya kisanduku. Breketi bapa huiacha runinga 20 hadi 30 mm kutoka ukutani, na plagi ya kawaida peke yake huzidi hapo.

Kama hutaki kugusa mzunguko wa nyumba, zipo seti maalumu zenye kipokezi cha umeme chini na soketi juu, zilizounganishwa kwa waya ulioidhinishwa kukaa ukutani. Kipokezi cha chini hulishwa kwa waya mfupi kutoka kwenye soketi iliyopo. Ni njia halali katika baadhi ya nchi na ni rahisi kuondoa baadaye, lakini bado inafuata kanuni ileile ya ubavuni.

Kebo za picha na sauti

Weka dekoda na vifaa vingine kwenye kabati la kona ya pembeni mwa dohani, siyo juu ya rafu ya meko. Ukifanya hivyo, ukutani zinabaki kebo mbili au tatu tu.

Piga hesabu ya urefu kwa njia halisi, siyo kwa macho. Kwa runinga ya inchi 65 yenye upana wa karibu 145 cm: sentimita 75 hadi ukingo wa runinga, 20 hadi kuuvuka ukingo wa dohani na kuzunguka pembe, 130 kushuka, 50 hadi kwenye kifaa, na 60 za ulegevu. Jumla ni mita 3.35, na hapo hakuna pembe iliyohesabiwa kwa ukarimu. Nunua mita 4 au 5.

Urefu huo ndio unaoamua aina ya HDMI, kebo inayobeba picha na sauti pamoja. Hadi mita 3, kebo nzuri ya shaba inatosha. Kati ya 3 na 5, tafuta iliyothibitishwa kwa 48 Gbps (kasi ya kupitisha data) kama una mashine ya michezo inayotoa 4K kwa 120 Hz; kwa 4K ya 60 Hz, 18 Gbps inatosha. Kupita mita 5, tumia ya nyuzi za mwanga. Hii ya nyuzi ina faida mbili zaidi: ni nyembamba na haisumbuliwi na waya wa umeme ulio karibu. Ina mwelekeo lakini. Kichwa kimoja kimeandikwa upande wa chanzo na kingine upande wa skrini, na ukiipitisha kinyume haitaonyesha picha. Ukitaka sauti irudi kutoka kwenye runinga hadi kwenye spika kwa kebo hiyohiyo, hakikisha imeandikwa kuwa inabeba eARC.

Kichwa cha HDMI kina upana wa takriban 21 mm na unene wa 11 mm. Kwenye paipu ya 20 mm hakipiti. Kuna kebo za nyuzi ambazo kichwa chake kikubwa hung'oka kikabaki kidogo cha kupita kwenye paipu nyembamba, na hizo ndizo zinazofaa mfereji wa matofali. Penye nafasi, weka paipu ya 40 mm na uache ndani yake uzi wa nailoni, kwa sababu kebo utakayoitaka baadaye huenda bado haijatengenezwa.

Umeme na kebo za picha zisikae paipu moja. Pasipo na kizuizi cha kuzitenganisha ziache 50 mm kati yake, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Hata pale ambapo kebo ni ya nyuzi na haidhuriki, sababu ya usalama inabaki: waya wa umeme uliochubuka haufai kugusa kebo ambayo mtu hushika kwa mkono.

Kuipitisha kwenye ukuta wa fremu

Chukua kadibodi la runinga, kata kipande chenye ukubwa wa runinga yenyewe, ukibandike ukutani. Chora juu yake mahali breketi itakapokaa. Soketi na tundu la kebo viwe ndani ya mstari wa kadibodi, upande wa kutokea, nje ya bamba la breketi. Kosa la kuweka soketi katikati, halafu breketi ikaifunika, hugunduliwa siku ya kufunga wakati rangi imeshapakwa.

Zima umeme kwenye swichi kuu na uthibitishe kwa testa. Kata ukanda wa bodi wenye urefu wa 12 cm kwenda juu, kutoka kwenye tundu hilo hadi ukingo wa dohani. Hautoboi kipofu, unafungua ili uone. Sehemu kubwa ya ukanda huo itafichwa na runinga yenyewe. Toboa kila nguzo ya fremu kwa keekee ya 25 mm, katikati ya kina chake. Kwenye nguzo ya mbao ya 89 mm, tundu la 25 mm katikati huacha 32 mm kila upande, kiasi ambacho skrubu ya bodi haifiki. HDMI hupita humo bila kung'olewa kichwa, kwa shida kidogo, ukiitanguliza kichwa kikiwa kimefungwa utepe. Mahali ambapo tundu limesogea karibu na uso, pigilia bamba la chuma la 1.5 mm mbele yake.

Ukifika kwenye ukuta wa pembeni, shusha kebo ndani ya uwazi kati ya nguzo mbili hadi kisanduku cha chini. Hapo uzi wenye kizito kidogo hufanya kazi vizuri kuliko waya wa kuvutia. Rudisha ukanda wa bodi, piga skrubu kila 20 cm, bandika utepe wa wavu kwenye maungio, na ujazie kwa tabaka mbili au tatu nyembamba.

Kuipitisha kwenye matofali yenye plasta

Chora mistari miwili kwa pimamaji, ikiwa imeachana kwa upana wa paipu na 5 mm za ziada. Kata kwa grainda hadi kina ulichokokotoa, kisha ng'oa katikati kwa tindo. Vaa barakoa halisi ya vumbi na miwani, na ufunike mdomo wa meko kwa nailoni, vinginevyo vumbi la tofali litatanda kila mahali. Kama nyumba ni ya zamani na hujui plasta au bodi zake zimetengenezwa na nini, zipimwe asbesto kwanza kabla ya grainda kuwashwa.

Paipu ya umeme iwe mfereji wake, ya kebo mfereji wake. Pembeni penye ukingo tumia kona pana, siyo kiwiko cha mraba. Kiwiko hukwamisha kichwa cha kebo, na ukivuta kwa nguvu kichwa hung'oka. Vuta kwa kushika ganda la kebo, kamwe usivute kwa kichwa. Ipitishe na uijaribu kwa runinga iliyowashwa kabla ya kuziba. Plasta ya kujazia iwe ya tabaka mbili, na wavu kati yake, maana ukuta wa meko hupanuka na kusinyaa kila moto unapowashwa na tabaka moja nene litapasuka likichora ramani ya nyaya zako.

Tofali lisilo na plasta, au jiwe

Usilikate. Uzuri wa ukuta kama huo ukishaharibiwa haurudi. Kuna njia tatu, na ya kwanza ndiyo ya kujaribu mwanzo.

Ya kwanza ni mfereji wa plastiki wa juu ya ukuta, wa 40 × 25 mm wenye kizuizi katikati cha kutenganisha umeme na kebo nyingine. Uanze nyuma ya runinga, ukimbie mlalo hadi ukingo, kisha ushuke kwenye ubavu wa dohani, ule usioonekana ukiwa umekaa kwenye kochi. Gundi yake haishiki kwenye tofali lenye vumbi na huyeyuka kwa joto, kwa hiyo ukaze kwa skrubu na fisha. Fisha ziingie kwenye saruji ya maungio, ambayo huzibika ukibadili mawazo. Breketi ya runinga ni kinyume chake: bolti zake ziingie kwenye tofali lenyewe, kamwe si kwenye maungio. Paka mfereji rangi ya tofali iliyofifia kidogo kuliko unavyodhani. Rangi inayong'aa huonekana mara moja.

Ya pili ni kwa kebo ya picha peke yake: kwangua saruji ya ungio moja la mlalo, 20 mm kwenda ndani, laza kebo nyembamba, kisha jaza upya kwa saruji ya rangi ileile. Waya wa umeme usipite hapo.

Ya tatu ni kujenga uso mpya mbele ya dohani, kwa fremu ya chuma ya 70 mm na bodi ya kalsiamu silikati au ya saruji. Mbao haifai hapa. Ni gharama, lakini nyaya zote hupotea na unaweza kuizamisha runinga kidogo. Acha 5 hadi 10 cm za hewa kila upande. Uso ukisogea mbele, rafu ya meko nayo isogee, la sivyo joto litapanda moja kwa moja kwenye skrini.

Breketi na ulegevu wa kebo

Macho ya aliyekaa huwa kama 100 hadi 110 cm kutoka sakafuni, na katikati ya runinga ya juu ya meko mara nyingi hupita 150 cm. Kwa uchache, tumia breketi ya kuinamisha runinga. Ya kuishusha runinga ni bora. Lakini breketi inayosogea huvuta kebo. Acha 60 cm za ulegevu kwa breketi ya kushuka, zifunge kwenye mkono wake kwa vifungo vya kitambaa, na uisogeze mwanzo hadi mwisho ukiangalia kebo kabla ya kuchomeka chochote. Mzingo wa kebo usiwe mkali kuliko mara kumi ya unene wake: kebo ya 6 mm, mzingo wa 60 mm.

Mambo yakienda mrama

Picha ikikatika-katika kila baada ya dakika chache, badilisha mpangilio wa runinga kutoka 120 Hz hadi 60 Hz. Ikitulia, kebo ni ndefu kuliko uwezo wake. Ikiwa skrini ni nyeusi kabisa na kebo ni ya nyuzi, angalia mwelekeo wake kabla ya kulaumu kingine.

Rimoti ya dekoda isipofanya kazi, ni kwa sababu mwanga wake haupiti mlango wa mbao. Weka kipokezi kidogo cha kurudia mwanga huo, kimoja chini ya runinga na jicho lake ndani ya kabati, au washa HDMI-CEC ili rimoti ya runinga iamrishe vyote.

Kisanduku cha soketi kikitoa harufu ya moshi wakati moto unawaka, ukuta umetobolewa hadi kwenye dohani. Zima moto, fungua madirisha, na usiyatumie meko mpaka tundu lipatikane na kuzibwa kwa saruji ya moto. Kengele ya kaboni monoksidi iwe chumbani humo hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Gesi hiyo haina harufu, na masizi hayatakuwepo kila mara kukuonya.

Baada ya moto wa kwanza mrefu na runinga ikiwa mahali pake, gusa ukingo wake wa chini na bamba la soketi kwa nyuma ya kiganja. Pakiwa pa moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, rudi kwenye kipimajoto na kwenye upana wa rafu.